Mtoto Aliyeitika Abee

Nimefanya kazi nyingi maishani, na karibu zote niliziacha mwenyewe. Nimeshona magauni Tanga, nimekaanga samaki Mombasa, nimelea watoto wa watu Maskati, nimepanga mikate kwenye mashine ya kiwanda huko Leicester, na London nimesukuma kigari cha chai katika wodi za hospitali mbili. Sikufukuzwa popote. Nikishaielewa kazi tu, miguu huanza kuniwasha. Shule nayo niliiacha hivyo hivyo, darasa la sita, ila ile sikuiacha kwa kuielewa. Shangazi yangu alikuwa anahamia Mombasa, kwenye lori lililobeba vyombo vyake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mbele, na mimi nilitaka kuona barabara inaishia wapi.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya kusimamia watoto wakati wa chakula cha mchana, katika shule moja ya msingi pande za Ilford, nilijipa miezi sita. Sasa ni mwaka wa nne. Kilichonishika ni kwamba baada ya mwaka mmoja waliniomba niwe naingia darasani asubuhi kumsaidia mwalimu wa watoto wa miaka saba: kuchonga penseli, kugawa gundi, kukaa na wale wanaosoma polepole. Nikaona nimerudi shule, na hakuna aliyeniuliza niliishia la ngapi.

Nakaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yamekaribia kidevu, nasikiliza. Nimejifunza Warumi walivyokuwa wakipasha moto sakafu za nyumba zao. Nimejifunza kwamba buibui si mdudu, jambo ambalo bado naona lina ubishi. Na Desemba hii ninayotaka kuisimulia nilijifunza kwa nini London huwa giza saa kumi za jioni. Mwalimu alizima taa, akampa mtoto mmoja tochi awe jua, akachukua chenza, akalichoma kijiti katikati, akaliinamisha kidogo kisha akalizungusha. Tukaona kipande chetu cha juu kikiukosa mwanga mapema kuliko vingine. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na miaka yote hiyo nilidhani jua la huku ni dhaifu tu, kama chai iliyochujwa mara ya pili. Nikanyosha mkono kuuliza swali kabla sijakumbuka kwamba mimi si mwanafunzi. Mwalimu akacheka, akaniambia haya, uliza.

Mwalimu huyo ni msichana wa miaka ishirini na kitu, kutoka kijiji cha Wales ambacho jina lake sijaweza kulitamka bila kuwachekesha watoto. Ana subira ya mtu anayefuma. Lolote nitakalosema hapa juu ya kosa lake, lijulikane kwanza kwamba alikuwa mwema, na kwamba kosa langu lilikuwa kubwa zaidi.

Yule mtoto aliletwa Septemba, wiki mbili tangu ashuke kwenye ndege akitokea Pemba pamoja na bibi yake. Mama yake alikuwa amewatangulia miaka kadhaa na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, miguu myembamba ndani ya soksi ndefu za kijivu, mtandio mweupe uliopigwa pasi ukasimama wenyewe. Tangu alipoingia mlangoni alikuwa akinitazama mimi. Nilikuwa nimevaa kilemba na sura yangu ni ya pwani. Nafikiri nilikuwa kitu pekee chumbani mle alichokitambua.

Kila asubuhi watoto hukaa kwenye zulia, miguu wameikunja, na mwalimu husoma majina kutoka kwenye kompyuta. Kila mmoja hujibu "Yes, Miss". Siku ile majina yakasomwa, yakafika kwake. Akasimama wima, mikono akaikutanisha mbele, na kwa sauti safi kama kijiko kikigonga glasi akaitika:

"Abee!"

Waliolelewa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa mbali nitasema. Mtoto wa kike akiitwa huitika abee. Wa kiume husema naam. Hasemi "nini", hasemi "ndiyo", hanyamazi. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa kusema "nini" nikiwa mdogo kuliko yeye. Sasa tatizo ni kwamba kwa Kiingereza neno hilo hilo, likitamkwa hivyo hivyo, ni nyuki mmoja. "A bee."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, akidhani mtoto ameamua kujitambulisha kwa mzaha, akamwambia karibu sana, nyuki mzuri. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, hata nikafunika mdomo. Nilikuwa sijalisikia neno lile katika kinywa cha mtoto kwa miaka zaidi ya ishirini, nalo lilikuja katika chumba kinachonuka gundi na viatu vilivyolowa, kwa sauti ile ile ya uani kwetu Tanga. Kilichonitoka kilikuwa furaha. Lakini furaha ikitoka mdomoni husikika kama kicheko kingine chochote.

Nikaona macho yake yakihama kutoka kwa watoto, yakaja kwangu haraka, kama mtu anayetafuta mlango. Yakanikuta nacheka.

Mchana ule mwalimu, kwa nia njema kabisa, alimchorea nyuki wa rangi ya manjano, akaipitisha picha kwenye mashine ya kuivika plastiki, akaibandika juu ya kulabu ya koti lake ili ajione mgeni anayependwa. Watoto wengine walikuwa na majina tu. Kesho yake alipoitwa aliitika tena, safari hii kwa sauti ndogo, na kule nyuma mtu akavuma, zzz. Siku ya tatu alinyosha mkono kimya. Mwalimu akauona mkono, akabonyeza kitufe, akaendelea na jina linalofuata.

Tangu hapo hakusema neno. Si kwenye rejista, si kwenye hesabu, si uwanjani. Hesabu alikuwa anazipata zote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilipokaa naye kusoma, alitembeza kidole chini ya mistari, akafika mwisho wa ukurasa, akafungua mwingine, midomo imefungwa. Alikuwa anasoma kweli, maana mahali pa kuchekesha kidole kilikuwa kinasita kidogo. Siku moja nilimvuta kwenye kamba waliyokuwa wakiruka wenzake. Akaruka vizuri, hakukosea hata mara moja, na wakati wote wakihesabu yeye hakuhesabu.

Mara mbili nilimsemesha Kiswahili. Mara ya kwanza aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mara ya pili sikusubiri nione kama atajibu.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumwambia mwalimu neno lile maana yake nini. Jambo la dakika mbili. Mwanzoni nilidhani yatapita, watoto husahau. Kisha ikapita Oktoba, na kila siku iliyopita iliongeza ugumu, kwa sababu kusema kungekuwa pia ni kusema kwamba nilijua na nikakaa kimya. Na kuna jambo jingine, ambalo mtu aliyeacha shule mapema atalielewa. Mwalimu kwangu bado ni mwalimu, hata akiwa na umri wa binti yangu. Kumsahihisha naona kama kumvunjia heshima. Watu huniona msemaji, na kweli nauliza maswali mengi. Kuuliza ni rahisi.

Ikaja wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi. Ni wiki ambayo hakuna anayejifunza kitu na wote wanajifunza. Dirisha limebandikwa theluji ya karatasi, minyororo ya karatasi inaanguka kwenye vichwa vya watu, kila mkono una vumbi la kung'aa ambalo utalikuta kwenye chakula chako mpaka Februari. Jumatatu tulipima urefu wa minyororo ile, sentimita hadi mita. Mtoto yule alipima, akaandika, akalizungushia jibu duara kwa penseli. Lilikuwa sahihi.

Siku hiyo hiyo, watoto walipotoka kucheza, mwalimu alinionyesha fomu. Alikuwa anaomba mtoto aonwe na mtaalamu wa usemi. Kuanzia Januari, alisema, atakuwa anatolewa darasani kila asubuhi, akae katika chumba kidogo cha ghorofani pamoja na watoto wengine wawili ambao hawazungumzi. Hakufurahia. Alikuwa amesoma habari hizo usiku, alijaribu picha, alijaribu vikaragosi, na sasa aliogopa kwamba akichelewa zaidi atamdhuru. Fomu ilitakiwa kwenda Ijumaa kabla ya shule kufungwa, na palikuwa na sehemu ya kujazwa na mtu mzima wa pili anayemjua mtoto. Akanipa.

Swali la kwanza katika sehemu yangu liliuliza kama nimewahi kumsikia mtoto huyu akizungumza shuleni.

Nilikaa na kalamu. Nilikuwa nimemsikia mara mbili, neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kamili, halina kasoro ya ulimi wala ya akili. Nikaona chumba kile cha ghorofani, nakijua, kina dirisha linalotazama mapipa ya taka. Nikamwambia mwalimu naomba nikae nayo mpaka Ijumaa.

Jumatano jioni nilitoka getini kumngoja bibi yake. Huwa anakuja mapema kuliko wote, anasimama peke yake pembeni: mwanamke mfupi, koti nene, na juu ya koti amejitanda kanga, juu ya kanga ameweka skafu ya sufu. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia marahaba, mwanangu, akaniuliza mtu wa wapi. Nikasema Tanga. Akasema Tanga pazuri, kwa sauti ya mtu asiyejali kama pazuri au pabaya.

Nikamweleza. Kwamba mtoto hazungumzi darasani tangu Septemba, kwamba kuna fomu, kwamba kuna chumba. Alinisikiliza bila kunitazama. Aliposikia hazungumzi, alicheka kidogo kwa pua. Nyumbani, alisema, mtoto huyu husema mpaka anaombwa apumzike. Anamfundisha Kiingereza bibi yake, na paka pia.

"Basi labda ni lile neno," nikasema. "Abee. Huku wanalisikia vingine."

"Nalijua hilo. Alinambia siku ile ile. Alisema watoto wamemcheka. Nkamwambia hao hawajui, wasamehe." Akavuta skafu. "Akasema na mama mmoja wa kwetu, kavaa kilemba, naye kacheka."

Mjukuu wake alikuwa ameshatoka. Amesimama hatua tatu kutoka kwetu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, anatazama viatu.

"Ni mimi, bibi," nikasema.

"Nimekujua tangu ulipotoka mlangoni."

Kisha nikasema jambo la kijinga. Nikasema labda ingefaa amfundishe mtoto kujibu "yes" akiwa shuleni, ni neno dogo tu, na nyumbani aendelee na lake.

"Nimfundishe mimi?" Sasa alinigeukia. "Mimi nimfundishe mtoto aache adabu yake, kisha wewe humo ndani ufanye kazi gani?"

Hakungoja nijibu.

"Mtoto hakukosea neno, mwanangu. Miezi mitatu aitwa nyuki, na mjuzi wa neno yumo chumbani, yuchonga penseli." Akamshika mjukuu mkono. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu kweli kweli, akaniaga vizuri, akaniambia nijifunike masikio, baridi ni kali.

Nilirudi nyumbani kwa basi na nilipitiliza kituo.

Alhamisi nilifika kabla ya watoto. Mwalimu alikuwa juu ya kiti, anarudisha mnyororo ulioanguka. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama na koti langu, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Neno, maana yake, nani huitika hivyo na kwa nini. Nikamwambia na kwamba nilicheka, na kwamba nilijua.

Aliteremka kwenye kiti polepole. Uso ukamwiva hadi masikio. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ningependelea anilaumu. Alitoka moja kwa moja mpaka kwenye kulabu za makoti akaanza kumbandua yule nyuki. Alikuwa amembandika kwa gundi isiyotoka. Nikaleta kisu cha siagi kutoka chumba cha chai, tukakwangua wote wawili, yeye akifuta macho kwa mkono wa sweta. Mwishowe lilibaki bawa moja ambalo halikukubali kutoka kabisa.

Aliniambia kwamba kwao Wales bibi yake akiita, mtoto aliyejibu "nini" alikosa kitindamlo. Alijua kabisa kitu hicho ni nini, alisema. Alikijua kwa lugha yake, hakukijua kwa yangu. Akataka amwombe mtoto msamaha mbele ya darasa. Nikamwomba asimsimamishe tena mtoto yule mbele ya watu. Wamemtazama vya kutosha. Nilikuwa na wazo jingine, nililolipata kwenye basi. Nikamwomba kesho, akisoma rejista, aniite na mimi.

Ijumaa ilikuwa siku ya masweta ya Krismasi. Watoto walivaa masweta yenye taa, yenye theluji, moja lilikuwa likiimba na halikuweza kuzimwa. Mimi nilikuwa nimeazimwa moja na mpishi wa shule: lilikuwa na kulungu, na pua ya kulungu ni kengele ndogo. Kila nikivuta pumzi inalia.

Mwalimu hakuanza na majina. Aliuliza kwanza: nyumbani kwenu, mtu mzima akikuita, unajibuje? Watoto hupenda kuulizwa habari za kwao. Mmoja, ambaye babu zake walitoka Gujarat, India, wakapitia Kisumu, akasema kwao ni "ha ji", na usiposema "ji", ile ya heshima, utakiona. Msichana wa Kinigeria akasema ni "Ma" kwa mama na "Sir" kwa baba, na kwamba unapaswa kuwa umeshaanza kukimbia. Mwingine hakujua, mama yake humpigia simu akiwa chumba cha pili. Yule mvulana wa nyuma mwenye nywele za kutu, Mwingereza wa pale pale Ilford, ambaye mimi namjua kwa sauti yake ya zzz, akasema kwao unapiga kelele "NINI?", na mama naye anapiga kelele "USINIAMBIE NINI!", halafu ndiyo unakwenda. Wakacheka sana, naye akafurahi.

Mtoto yule alikaa mwisho wa zulia karibu na redieta, lile bomba la ukutani la kupashia chumba moto. Hakunyosha mkono na mwalimu hakumwomba.

Kisha mwalimu akasema leo anaanza na mtu mzima. Akaniita, jina langu na la baba yangu, akijitahidi na herufi zake.

Nikasimama. Mikono nikaikutanisha mbele. Sikukumbuka mara ya mwisho kufanya hivyo.

"Abee," nikaitika.

Kengele ya sweta ikalia. Darasa likalipuka. Watoto hawana ubaya, lakini kicheko cha watoto ishirini na tisa kina uzito. Kinakuja kifuani kama maji. Mvulana wa nyuma akavuma zzz, na wawili wengine wakamfuata. Nilihisi masikio yakichemka. Nilijua itakuwa hivyo, nilikuwa nimeipanga mwenyewe, mtu mzima aliyevuka nchi nne, na bado nilitaka kukaa chini nisionekane. Nikabaki nimesimama, kwa sababu yeye alisimama.

Ndipo sauti ikatoka karibu na redieta.

Alikuwa amepiga magoti. Alizungumza Kiingereza, na kilikuwa Kiingereza cha Ilford kabisa, kimemeza herufi zote zinazomezwa huku. Miezi mitatu yote alikuwa akikikusanya.

"Hajasema nyuki," aliwaambia. "Ni adabu. Mkubwa akikuita, unaitika hivyo. Na nyinyi hamkuitwa, kwa hiyo nyamazeni."

Wakanyamaza. Mwalimu alikuwa ameshika meza. Hakuna aliyesema jamani ameongea, na hilo nalihesabu kuwa jambo jema zaidi ambalo darasa lile liliwahi kufanya. Baada ya muda yule mvulana wa nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama na wavulana wanasema hivyo.

"Wavulana ni naam," akamjibu, bila kugeuka.

"Naam," akajaribu yule.

"Ndefu zaidi."

Akairefusha. Mwalimu akakohoa, akarudi kwenye kompyuta yake, akaanza majina kwa utaratibu. Wengine wakajibu kama siku zote, wengine kama kwao, mmoja akasema "nini?" akatolewa macho. Likafika jina lake. Niliona mwalimu akivuta pumzi kabla ya kulisema.

Mtoto alifikiri. Alikaa vizuri, akanyosha sketi juu ya magoti.

"Yes, Miss," akasema.

Nisingependa kusema uongo hapa. Moyo wangu ulishuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno lile jingine, nilikuwa nimelitengenezea mahali, na yeye akalipita kama mtu anayepita duka ambalo hana shida nalo leo. Mwalimu alinitazama. Nikamtikisia kichwa kwamba ni sawa. Ilinichukua mpaka saa sita mchana kuona kwamba ilikuwa sawa kweli. Neno lilikuwa lake, na kuchagua kulikuwa kwake.

Chakula cha mchana kilikuwa cha Krismasi: viazi vya kuoka, vikabichi vidogo ambavyo hakuna mtoto anayevila, kuku wa halali kwa wanaotaka, taji la karatasi kwa kila mtu. Nilikuwa nammenyea mtoto mmoja chenza, yule wa Pemba akanijia na sinia yake, taji limemshukia hadi nyusini. Akasimama mbele yangu. Akasema kwa Kiswahili, kile cha Pemba, chenye kuimba:

"Kwa nini ulicheka siku ile?"

Nikaliweka chenza chini. Nikamwambia kwamba nilifurahi. Kwamba mimi nilipokuwa kama yeye niliitika hivyo hivyo, na sijamsikia mtoto akiitika hivyo tangu zamani, na lilinijia ghafla, nikashindwa kulizuia. Nikamwambia lakini lilikuwa kosa, kwa sababu yeye hakuweza kujua, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ile ile, nami sikumwambia. Nikamwomba radhi.

Alinisikiliza hadi mwisho, kama bibi yake.

"Nilidhani na wewe ni wao," akasema.

"Najua."

"Sweta lako linalia."

"Najua na hilo."

Akaenda kumwaga vikabichi vyake.

Mwalimu aliniuliza ile fomu mchana, watoto wakiimba ukumbini. Nikaitoa mfukoni, imekunjika. Sehemu yangu ilikuwa bado tupu. Nikachukua kalamu na katika swali lile la kwanza nikaandika kwamba ndiyo, nimemsikia, na kwamba anasema vizuri kuliko sisi. Alisoma, akacheka, akaitia kwenye droo badala ya bahasha. Alisema watamwangalia mpaka majira ya kuchipua, na kama hapana haja, basi. Chumba cha ghorofani kitakaa na wawili.

Saa tisa na robo milango ikafunguliwa. Giza lilikuwa limeanza kushuka kwa sababu ninazozijua sasa. Watoto walimwagika uwanjani na kadi, na mataji, na makoti yaliyobebwa badala ya kuvaliwa. Bibi yake alikuwa mahali pake pa kila siku, kanga juu ya koti, skafu juu ya kanga. Nikasimama karibu naye. Sikumwambia kilichotokea, niliona ni habari ya mjukuu wake, aisikie kwake.

Mtoto akatokea. Hakuwa peke yake. Alikuwa na yule msichana wa Kinigeria, wameshikana mikono ya makoti, na alikuwa akimweleza jambo refu lenye mikono, kichwa na mguu mmoja. Mwenzake aliweka neno mara moja, akamkatiza, akaendelea.

Bibi akamwita.

Hakusikia. Alikuwa amefika mahali pazuri katika hadithi yake. Bibi akamwita tena, kwa sauti ya juu zaidi, jina zima, na wazazi wawili wakageuka. Mtoto akacheka kwa kitu alichokisema mwenyewe.

Bibi akanigeukia, amekasirika kweli.

"Wamwona? Namwita mara mbili, haitiki. Ndiyo mnayowafundisha humo ndani?"

Nikamwambia nisamehe, bibi, naomba umngoje kidogo. Bado anazungumza.